Kitambaa cha Maji

Zunilda Ayala hakuwahi kuwa mtu wa kumung'unya maneno. Katika saluni yake ya nywele, mtaa wa nyuma ya soko la Santa Rufina, mteja akitaka rangi isiyomfaa aliambiwa haimfai, na akikasirika alionyeshwa mlango kwa tabasamu. Wanawake walimwendea kwa sababu hiyo hiyo. Walisema afadhali uumizwe na Zunilda kwenye kiti kuliko uaibike barabarani.

Lakini siku uchungu ulipomshika sokoni, akiwa anachagua mihogo, na miezi bado haijatimia, ulimi ule ulimkauka kinywani. Jioni yake akapasuliwa. Mtoto alitolewa mzima, kisichana kidogo kama njiwa, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na kabla mama hajamgusa wakamkimbiza wodi ya watoto njiti. Mumewe, Aníbal, alikuwa ng'ambo ya mpaka, huko Buenos Aires, akijenga maghorofa ya watu wengine. Alipata habari kwa simu, akalia, akasema mtoto aitwe Arminda, jina la bibi aliyemlea.

Arminda akalazwa ndani ya kisanduku cha joto, mrija mwembamba umepita mdomoni hadi tumboni. Kila saa ya chakula ilipofika, Zunilda alijikongoja na mshono wake hadi chumba cha kukamulia, akakamua maziwa, akampa muuguzi, naye akayateremsha taratibu kwenye mrija. Mtoto alishiba bila kujua shibe ile imetoka wapi. Hakuonja kitu, hakunusa kitu.

Hilo ndilo lililomleta Daktari Rossana Villalba kitandani kwa Zunilda, siku ileile baada ya upasuaji. Alikuwa daktari kijana kutoka chuo kikuu cha mji mkuu, mpole wa sauti, nywele zake amezifunga kwa haraka ya mtu asiye na kioo nyumbani. Alieleza kwamba mtoto njiti hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, na kwamba siku anapowekwa kwenye titi mara ya kwanza huwa kama mgeni asiyejua mlango uko wapi. Kuna walioona kwamba mtoto akinusishwa maziwa ya mama yake wakati tumbo linajaa kwa mrija, anajifunza kuwa harufu ile ndiyo chakula. Kwa hiyo kitambaa kidogo kingewekwa karibu na pua yake kila anapolishwa. Alisema mengine pia. Zunilda alisikia neno utafiti, akasikia neno kura, lakini dawa ya usingizi ilikuwa bado haijamtoka, na maneno yale yalimpita kama basi lisilo lake. Akaulizwa kama anakubali. Nani angekataa mwanawe anuse maziwa?

Nyuma ya hospitali kulikuwa na bweni la akina mama wenye watoto njiti, chumba kirefu chenye vitanda vya chuma na paa la bati lililowaka mchana kutwa. Kitanda cha jirani yake kilikuwa cha Celsa, msichana wa shambani, watu wa miwa, mwenye miaka kumi na tisa na kicheko kisicho na breki. Mwanawe aliitwa Elías, na kisanduku chake kilipakana na cha Arminda. Akina mama hao wawili walizoeana upesi. Asubuhi walikunywa tereré, chai baridi ya majani, kivulini, kikombe kimoja cha pembe kikizunguka kwa wote, maji yamejaa barafu. Celsa alimtania Zunilda kwamba akirudi saluni amsuke bure, maana yeye Celsa ndiye aliyemfundisha kukamua kama anavyokamuliwa ng'ombe wa kwao.

Basi Elías akaanza vituko. Muuguzi akimwekea kitambaa tu, mtoto alipanua pua, akatoa ulimi, akachapachapa midomo kama mzee aliyeona supu. Celsa aliita wodi nzima ije imtazame. Walipomjaribu kifuani, alihangaika kidogo, kisha akashika. Alivuta mara chache akachoka, lakini alishika, na Celsa akacheka huku machozi yanamdondokea mtoto kichwani.

Arminda alilala tu. Kitambaa kiliwekwa, chakula kikashuka, kitambaa kikaondolewa, naye hata nyusi hakutikisa. Walipomweka kwenye titi la mama yake aligeuza uso upande wa pili, akasinzia, midomo ikaanza kupoteza rangi, mashine ikalia, wakamrudisha kwenye kisanduku. Wakajaribu siku nyingine, ikawa vilevile. Zunilda alikaa pale kwenye kiti, kifua wazi, maziwa yanamchuruzika hadi tumboni, na mtoto hayupo.

Mama mkwe wake, aliyeitwa kwa heshima Ña Obdulia, alikuja na kikapu cha chipa za moto, vile vimkate vya mhogo na jibini, akasikiliza habari zote, akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na majibu ya kila kitu.

"Ni yale madawa ya nywele, binti yangu," akasema. "Miaka yote unayavuta. Yameingia kwenye damu, yameingia kwenye maziwa. Mtoto ananusa, anakataa."

Zunilda hakumjibu, na yeyote aliyemjua angeshangaa. Siku ile aliacha vitunguu, akaacha saumu, akaacha hata jibini. Alijisugua kifua kwa sabuni ya kufulia mpaka chuchu zikapasuka, na alipokamua maziwa yakatoka na uzi mwembamba wa damu. Akasugua tena. Alikuwa ameamini kwamba mwanawe ananusishwa yeye kila siku, tena mara nyingi, na kila siku anamkataa.

Huzuni hiyo ndiyo iliyomfanya amwombe muuguzi Nimia vitambaa vilivyokwisha kutumika. Nimia, mwanamke mnene wa kimyakimya, alikuwa akivitupa kwenye pipa. Zunilda alisema anataka kimoja alalie, kwa kuwa kimelala kando ya shavu la mtoto na yeye shavu lenyewe haruhusiwi kulilalia. Celsa naye akataka cha Elías. Nimia akatazama huku na huku, akawapa.

Ndani ya wodi kila mtu alivaa barakoa, na dawa ya kusafishia ilifunika harufu zote. Kule bwenini ilikuwa mambo mengine. Walivitundika vitambaa kwenye vyuma vya vitanda, wakaenda kukamua, wakarudi mchana bati likiwa limechemka. Celsa alikichukua cha kwake, akakipeleka puani, akakitupa kitandani akicheka.

"Mungu wangu! Kimechacha. Elías ananuka kama ndoo ya maziwa iliyosahauliwa juani."

Kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na pembeni kimeota umanjano. Zunilda akachukua cha Arminda. Kilikuwa laini, cheupe, safi kama kimetoka dukani. Akakinusa. Akakigeuza akakinusa tena, akakitia mdomoni. Akachukua cha Celsa, akarudi kwenye cha kwake. Celsa aliacha kucheka.

"Labda chako walikifua," Celsa akasema.

"Nani anafua kitambaa cha kutupa?"

Kesho yake akaomba kingine, na kesho kutwa kingine. Vyote vilikauka vikawa laini. Alimbana Nimia kwenye korido, na Nimia akainamisha macho, akasema yeye huletewa trei imekwisha kuandaliwa, kila kitambaa na jina lake, na kwamba mwenye maswali amwone Daktari Rossana. Jinsi alivyosema hivyo haraka haraka, Zunilda hakuhitaji kuambiwa zaidi. Damu ilimpanda kichwani. Ule ulimi uliokauka sokoni ukamrudia.

Alimkuta daktari kwenye kijichumba chake akila mkate amesimama.

"Daktari, kitambaa cha mwanangu kina nini?"

Rossana aliweka mkate chini. "Sitakiwi kukuambia, Zunilda. Hata mimi mwenyewe sitakiwi kujua. Anayejua ni yule anayeviandaa."

"Basi sasa tunajua watatu. Ni maji."

Daktari alikaa, akamwomba naye akae. Zunilda alibaki wima. Rossana akaeleza bila kuzungukazunguka, na kwa hilo lazima asifiwe. Nusu ya watoto walipewa kitambaa cha maziwa, nusu cha maji safi, na aliyechagua ni kura, si mtu. Ilikuwa hivyo kwa sababu hakuna mwenye hakika kama harufu inasaidia kweli. Watoto hukua. Mtoto angeweza kujifunza kunyonya kwa sababu ya kitambaa, au kwa sababu tu siku zimepita. Wote wakipewa maziwa, mtu atajuaje? Na bila kujua, hakuna hospitali itakayokubali kuwaandalia watoto wote.

Zunilda alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mjinga, aliona kuna akili ndani yake. Na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba jambo lenye akili namna ile lilifichwa mbali naye kama vile yeye hana akili ya kulipokea.

"Maziwa yangu yako kwenye friji pale," akasema. "Mwanangu yuko pale. Katikati mkaweka maji. Mkaniacha nijisugue kifua mpaka kikatoka damu, nikidhani mtoto ananikataa."

"Kujisugua? Nani alikuambia ujisugue?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Rossana akasema kwa sauti ya chini kwamba alieleza kila kitu siku ile ya kwanza, na kwamba Zunilda alikubali.

"Nilikuwa nimepasuliwa jioni ile, daktari. Ungeniuliza kama nakubali kuuza figo ningekubali."

Akasema anataka mtoto wake atoke kwenye utafiti na awekewe kitambaa cha maziwa. Rossana akajibu kwamba kutoka ni haki yake, wakati wowote, bila kutoa sababu. Ila la kitambaa halikuwa mikononi mwake. Hilo lilikuwa la mkuu wa wodi.

Mkuu wa wodi, Daktari Benigno Insfrán, alikuwa mtu wa makamo, mrefu, viatu vinang'aa, aliyezoea kuzungumza huku anatembea. Alimpokea Zunilda koridoni. Alisema kitambaa chochote kinachoingia wodini kwake ni hatari. Mwaka uliopita maradhi yaliingia na shali ya mama mmoja, yakaondoka na watoto. Alipolisema hilo alisimama kidogo, na uso ukamwanguka, na Zunilda akajua hasemi uongo. Vitambaa vya utafiti, akaendelea, vimekubaliwa kwa sababu vinachemshwa na kufungwa kwa utaratibu. Ni vya utafiti, si vya wodi.

"Kwa hiyo nikimtoa?"

"Ukimtoa, hapati kitambaa cha aina yoyote. Akibaki, angalau anacho."

"Cha maji."

"Kitambaa ni kitambaa. Mama, naambiwa wewe ni msusi. Mimi siji kwako kukufundisha kusuka."

Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Zunilda alihisi masikio yanamwaka.

"Ungekuja kwangu nikakupaka maji kichwani, nikakuambia ni rangi, ungeuliza, daktari. Na mimi nisingekujibu kwamba wewe si msusi."

Insfrán alimtazama kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzungumza. Kisha akaangalia saa yake, akamwambia anaweza kwenda, na akaondoka.

Zunilda alimpigia simu Aníbal. Aníbal alisikiliza, huku nyuma yake mashine za zege zikinguruma, kisha akasema jambo lililomuumiza kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Alisema asigombane nao, maana mtoto yuko mikononi mwao. Mtu akikasirika, nani atajua amemfanyia nini yule mdogo? Zunilda alikata simu. Alikaa kitandani muda mrefu. Alijiuliza kama ana haki ya kuwa na hasira wakati mwanawe anapumua kwa mashine za watu wale wale, analishwa na mikono ya watu wale wale. Na kadiri alivyojiuliza ndivyo hasira ilivyozidi, kwa sababu aliona kwamba hofu hiyo ndiyo wanayoitegemea. Hakuna aliyehitaji kumtisha. Kisanduku cha mtoto wake kilitosha.

Jioni ile, kikombe cha tereré kikizunguka, akawaeleza wenzake wote. Hakutia chumvi, alieleza hata zile sababu za Rossana, moja moja. Wengine walikasirika papo hapo. Wengine waliviwaza vitambaa vya watoto wao, wakijiuliza wako upande gani. Blásida Ortigoza, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mapacha wa kiume, ndiye aliyepinga kwa nguvu.

"Utatuharibia sote, dada," akasema. "Wapo wanaopata maziwa. Ukiwatibua, watafunga kila kitu, na hata aliyekuwa anapata atakosa. Kwa faida ya nani?"

Zunilda alimtazama Celsa, maana Elías ndiye aliyekuwa na cha kupoteza, na Celsa aliangalia chini akikwaruza vumbi kwa kidole cha mguu.

Blásida alikuwa mtu wa kuhakikisha. Kesho yake aliomba vitambaa vya wanawe wote wawili, akavitundika kitandani. Mmoja wa mapacha, Rubén, alikuwa ameanza kunyonya vizuri. Wa pili, Isidro, walimwita mvivu. Hata Blásida mwenyewe alikuwa amezoea kumwambia kwa utani kwamba kaka yake atammaliza. Mchana bati lilipochemka, alinusa cha Rubén. Akanusa cha Isidro. Alitoka nje, akasimama akiwapa mgongo wenzake, mabega yanapanda na kushuka, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimewabeba tumbo moja," akasema. "Wamepigiwa kura."

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala mrefu. Celsa ndiye aliyesema wa kwanza kwamba na Elías anatoka kwenye utafiti. Zunilda akamwambia si lazima, asimfanyie fadhila. Celsa akajibu kwamba si fadhila. Angewezaje kukaa kwenye kiti chake akimtazama mwanawe anachapa midomo, na jirani yake ananusishwa maji? "Nikicheka tena pale nitajiona mchawi," akasema.

Asubuhi, baada ya watoto kulishwa, akina mama wote wa bweni walikwenda kwenye korido ya mkuu wa wodi, wakaketi sakafuni, migongo ukutani, kandambili zimepangwa mbele yao. Hawakuimba wala kupiga kelele. Daktari Rossana alipofika, mmoja baada ya mwingine akamwambia jina la mtoto wake na kwamba ametoka. Rossana alikuwa amebeba mafaili, na kadiri majina yalivyoongezeka uso wake ulizidi kupauka. Kazi yake ya muda mrefu ilikuwa inaporomoka mbele ya macho yake, na alikuwa anaijua kila nafsi iliyokuwa inaiporomosha.

Insfrán akatoka ofisini. Alisema hii ni hospitali, si kituo cha basi. Alisema ataita walinzi. Kisha akasema, kwa kuwa wameuvunja utafiti wenyewe, sasa hakuna mtoto hata mmoja atakayepata kitambaa, na wajilaumu.

Blásida akainuka. Alizungumza kwa sauti ile ya darasani, isiyopanda wala kushuka.

"Nina swali moja, daktari. Kitambaa cha jana kilikuwa safi?"

"Bila shaka."

"Kimechemshwa hapa hapa, na watu wako?"

"Ndiyo."

"Kama jana kilikuwa salama kwa nusu ya watoto, leo kimekuwaje hatari kwa wote?"

Insfrán alianza kusema jambo kuhusu taratibu na idhini, na sentensi yake ikapotelea njiani. Hapo Rossana akaweka mafaili chini, akasema akiwa anaitazama sakafu kwamba vitambaa vilivyobaki viko chini ya dhamana yake, na kwamba yeye atasaini viandaliwe vya maziwa kwa kila mtoto ambaye mama yake anataka. Insfrán alimwambia wataongea. Akawaambia akina mama kwamba vikiisha vimeisha, na asisikie mtu ameingiza kitambaa cha nyumbani. Akarudi ndani na kufunga mlango. Hakuomba radhi, wala siku ile wala nyingine yoyote.

Siku hiyo Zunilda aliruhusiwa kudondosha maziwa mwenyewe. Nimia alikiweka kitambaa kando ya pua ya Arminda, mrija ukafunguliwa, wote wakasubiri.

Hakuna kilichotokea. Mtoto alilala kama alivyolala siku zote. Zunilda alihisi aibu ikimtambaa shingoni, akiwaza kwamba ameangusha nyumba nzima kwa ajili ya kitu kisichokuwepo, kwamba pengine Ña Obdulia alisema kweli. Nimia alimgusa bega, akamwambia ni mara ya kwanza tu, mtoto hajamjua.

Ikapita siku, zikapita siku. Halafu asubuhi moja, kitambaa kilipowekwa, paji la uso la Arminda lilikunjamana, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Pua zikatanuka. Akageuza kichwa, taratibu mno, kuelekea kitambaa, na ncha ya ulimi ikachungulia. Zunilda alivua barakoa bila kujua anavua, na Nimia hakumkataza. Kabla ya mwisho wa juma lililofuata, Arminda alishika titi. Alivuta, akapumzika, akasahau kupumua, akakumbuka, akavuta tena. Yalikuwa maumivu makali kwenye zile chuchu zilizopasuka, na Zunilda hakuwahi kuomba maumivu yadumu kabla ya siku ile.

Isidro wa Blásida alichelewa zaidi. Alinusishwa maziwa kama wengine na bado alichukua muda wake, na alipoondoka hospitali alikuwa bado anamaliziwa kwa kikombe kidogo. Ilikuwa kitambaa, au ilikuwa siku tu? Hakuna aliyeweza kusema.

Hilo ndilo Rossana alilomwambia Zunilda siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Alimfuata hadi uani, akamtazama mtoto, akamgusa mguu, akasema amefurahi. Kisha akasema alichojia.

"Sasa hatutajua. Kuna mamia ya watoto kwenye hospitali ambazo hata visanduku hazina. Ningeweza kuwapelekea jibu. Sina jibu."

Sauti yake ilikuwa na hasira, hasira ya haki kabisa, na Zunilda aliitambua kwa kuwa ilifanana na yake.

"Ungeniuliza nikiwa na akili zangu," akasema. "Ungeniambia hivi ulivyoniambia sasa, habari za hao mamia."

"Ungekubali?"

Zunilda alifikiri. Alitaka kusema ndiyo, ingempendeza kuwa mtu wa namna hiyo. "Sijui," akasema. "Na mimi sitajua. Hilo nalo mmenichukulia."

Ña Obdulia alikuwa akimsubiri langoni na mwavuli wa kumkinga mtoto jua. Alimpokea mfuko, akaanza habari za jirani, za mvua, za kuku waliotagia kitandani. Zunilda alisimama.

"Mama, ulisema maziwa yangu yana madawa."

"Ah, mwanangu, yamepita hayo."

"Kwangu hayajapita. Nataka uniambie."

Mama mkwe alizungusha mpini wa mwavuli mkononi. Ilimchukua muda, maana hakuwa na mazoezi. Mwishowe akasema kwamba alikosea, kwamba aliogopa, na mtu akiogopa husema lolote. Zunilda akaitikia kwa kichwa, wakaenda.

Arminda alikuwa tayari anatambaa, anaokota vibanio vya nywele sakafuni, siku Daktari Rossana alipoingia saluni. Alikuwa amehamishiwa mji mwingine. Insfrán ndiye aliyeomba ahamishwe. Zunilda alimkalisha kwenye kiti bila kumuuliza anataka nini, akamfungua zile nywele zake, akaanza kuziosha. Huku kichwa kimeinamia beseni, Rossana alisema anaanza utafiti upya. Safari hii akina mama wataelezwa mapema, kliniki, kabla ya kujifungua, na kwa lugha ya watu. Alitaka Zunilda aje kuzungumza nao. Wangemwamini.

Zunilda aliendelea kuosha. Bado alikuwa na hasira. Ilikuwa imetulia, imejipatia mahali pake pa kukaa, lakini ilikuwepo.

"Nitakuja," akasema, "kama mama atakayekataa atapewa kitambaa cha maziwa vilevile. Asiadhibiwe mtoto wake."

Rossana akainua kichwa kidogo kutoka kwenye beseni. "Ikiwa hivyo, watakataa wote."

"Basi utakuwa umepata jibu lao."

Nywele zilipokaushwa, Rossana alijitazama kwenye kioo, akalipa, akabaki amesimama na mkoba mkononi. Aliuliza kama Jumanne, siku ya kliniki ya wajawazito, saluni huwa imefungwa. Zunilda akasema huwa iko wazi, lakini anaweza kuifunga.